Kidirisha cha Namba

Jumapili, asubuhi

Kwako Mama mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa umekaa kwenye kile kiti chako cha karibu na dirisha, na kwamba kaka, mke wake na watoto wote hawajambo. Sisi huku miili haijambo. Mkweo anakusalimu, ingawa siku hizi salamu ndiyo maneno marefu kuliko yote anayonipa, na sababu yake utaisoma humu humu.

Kabla ya yote, miwani yako imetoka. Imo ndani ya kifurushi hiki, kwenye kikasha cheusi. Ivae wewe mwenyewe usome, usimpe mke wa kaka akusomee hata akijitolea kwa moyo mweupe. Chini ya miwani kuna kitu kingine, nimekifunga kwa kipande cha kitambaa cha sare. Kiweke mapajani mpaka nikuambie, ila ukijisikia vibaya popote katikati ya kusoma, kifungue hapo hapo na barua isubiri. Mama muuza vitambaa, anayekuja huko kwenu kwa biashara yake, nimemwagiza akukabidhi mkononi, na akikukuta umelala akae kwenye kiti angoje uamke. Alinitazama kama ninambebesha magendo.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Mama, simu ya kaka unaijua. Anaiweka spika tangu mtu anaposema haloo, na kabla hujamaliza salamu watoto wake wameshakujibu wao. Yapo mambo hayasemeki mbele ya watu sita na televisheni. Nilijaribu mara moja juzi, na hilo nalo nitakueleza likifika zamu yake.

Unakumbuka siku ya pili tangu ufike kwetu, nilirudi kutoka kliniki ya Jumanne, ile ya wanawake wenye pumu. Nilipolitaja neno lenyewe mbele ya wifi yangu ulinivuta jikoni ukaniambia kwa sauti ya chini kwamba mambo ya kifua hayatangazwi. Mtu anasema ana mafua ya vumbi, basi, yamekwisha. Sikubishana nawe. Ndivyo ulivyonilea na ndivyo nilivyoolewa, bibi harusi mwenye mafua ya vumbi, mpaka mwaka wa pili wa ndoa nilipobanwa mbele ya mkweo midomo ikabadilika rangi, akanibeba ngazi zote tatu hadi chini. Siku ile uongo wetu uliishia kwenye kitanda cha hospitali, na yeye akaniuliza mara moja tu kwa nini nilimficha.

Pale kliniki tuko kumi na wawili, na nesi wetu ni mtu wa hesabu. Kila mmoja wetu ana daftari. Asubuhi unapuliza kwenye bomba lenye mshale, unaandika mshale ulipofika. Pampu ya kahawia unaivuta kila siku hata kama unajiona mzima kama kigongo, kisha unasukutua mdomo. Pampu ya bluu ni ya kuokoa, unaivuta ukibanwa, na kila unapoivuta unaandika, maana nesi anasema anayekimbilia bluu kila mara bila ile ya kahawia anapepea moshi huku nyumba inaungua. Anatutaka tuandike hata siku zetu za mwezi, kwa kuwa baadhi yetu kifua hubana siku mbili tatu kabla. Mimi ni mmojawao, na miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza. Wanawake wale wamenichekesha na kuniliza. Mmoja ni mpishi wa shule, pampu yake inakaa kwenye sidiria, anasema huko ndiko msimamizi wake hawezi kupekua. Mwingine amemwambia mumewe kwamba kile kidude ni manukato ya mdomo, na mume huu mwaka wa nne anasifu harufu.

Siku ile nesi alinipa pampu ya bluu ya aina mpya. Mgongoni ina kidirisha, kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, chenye namba zinazorudi nyuma. Inaanza mia mbili, na kila ukibonyeza inapungua moja. Nesi alitusisitizia jambo moja mpaka tukalirudia kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza: ikifika sifuri bado inapuliza, unasikia ubaridi ule ule mdomoni, lakini dawa haimo. Unavuta upepo.

Baada ya wiki moja nikataka kumwonyesha mkweo maajabu ya kidirisha. Daftari langu lilisema nimevuta mara nane. Kidirisha kilisema mia na sabini na sita. Nilihesabu tena kwa vidole, nikahesabu kwa kalamu, na kila nilivyohesabu kuna mivuto kumi na sita iliyokwenda zake bila mimi. Nikamwambia mkweo kwamba hakuna cha kuona, nikairudisha pampu kwenye mkoba.

Mama, tangu dakika ile nilianza kuwatazama watu kwa jicho lingine. Unanijua, mimi si mtu wa kelele. Mimi ni wa kukaa kimya na kuandika. Sikumwambia mtu yeyote kwamba ile pampu inahesabu. Niliona siri hiyo ndiyo mtego wangu wa pekee, na nikaifunga mdomoni.

Wa kwanza niliyemshuku ni Fundi Vifungo, anayekaa mashine ya jirani nami pale tunaposhona sare. Huyu ana tabia ya kuonja vya wenzake, chai yako, losheni yako, hata dawa yako ya kichwa. Isitoshe vumbi la nyuzi mle ndani linamkohoza kila mtu, na mkoba wangu huning'inia kwenye msumari nyuma yake. Nikaanza kuandika namba ninapofika kazini na namba ninapoondoka. Siku sita mfululizo namba ya jioni ilikuwa ile ile ya asubuhi, nikitoa mivuto yangu. Siku ya saba Fundi Vifungo akaniuliza kama ananidai au namdai, maana nilivyokuwa namkazia macho alikosea tundu la kifungo mara mbili. Nikajitia hamnazo.

Basi mwizi alikuwa nyumbani. Kulisema neno hilo hata ndani ya kichwa changu kuliniuma, kwa sababu nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule, na watu wake walikuwa mimi, mkweo, wifi yangu, na wewe mgeni wetu uliyekuja kupimwa macho.

Nilimfikiria mkweo. Kuna wakati alisikia kwa rafiki yake kwamba pampu humzoesha mtu, kifua kinalegea, na alikuwa akiniuliza kwa upole kama siwezi kupunguza. Nikajiambia labda anabonyeza hewani makusudi ili iishe upesi nikate tamaa nayo. Nilimtega. Nikakaa bafuni mlango ukiwa wazi kidogo nikamchungulia akipita karibu na mkoba. Alichokitoa kwenye mkoba kilikuwa peremende. Nilimwonea haya peke yangu mle bafuni, lakini shaka haikutoka. Ilihama tu ikaenda kwa dada yake.

Wifi yangu umemwona mwenyewe. Anajifunza ususi, ana mdomo usio na breki, na akicheka jirani wa chini anagonga dari. Alikuwa na mchezo wa kuniigiza ninavyovuta dawa, mashavu ndani, macho juu, na wewe ulikuwa humcheki. Jumatano moja alfajiri nilipotoka chumbani nikamkuta amesimama kwenye ukumbi, pampu yangu mkononi. Akasema ameikuta kwenye dirisha la bafu na alikuwa anairudisha. Mimi sijawahi kuiweka pampu kwenye dirisha la bafu hata siku moja. Nilimpokonya, na yeye akabaki na mkono hewani.

Siku hiyo jioni ndipo nilipokujia wewe jikoni, ukiwa unachambua mchele ukiwa umeuleta karibu na pua kwa sababu ya macho. Nilikueleza kwamba kuna mtu humu ndani anavuta dawa yangu. Sikukwambia nimejuaje. Ulitoa kijiwe, ukakitazama, ukakitupa. Kisha ukaniambia niwe mwangalifu na mtu anayeshinda na vitu vyangu, na kwamba macho ya yule binti hayajatulia. Nilikushukuru kwa hayo, nikaona angalau nina mtu wa upande wangu.

Kwa mwezi ule, Mama, nilikuwa naishi kama mgeni ndani ya nyumba yangu. Nikisikia mlango wa bafu nahesabu. Nikisikia mtu anakohoa nahesabu. Kushindwa kupumua unakujua vile kunavyokuwa, unavuta hewa inagoma, na kitu pekee kinachokutuliza ni kujua kwamba dawa iko pale. Nami sikujua tena kama iko pale. Jumapili ile jirani alipopaka rangi reli za ngazi, harufu ikajaa nyumba nzima, nilifungua mkoba nikakuta namba imeshuka sita tangu asubuhi na mimi sijagusa. Niliona kuna mtu anafanya mchezo na roho yangu.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo sijamwambia hata mkweo. Kwenye droo yangu nilikuwa na pampu nyingine ya aina ile ile, ya mfano wa kliniki, ambayo nesi alinipa niifanyie mazoezi nikiwa nyumbani. Imekwisha kabisa, kidirisha chake kinasoma sifuri. Ijumaa ile ya mwisho, kesho yake ukiwa unasafiri, nilitoa pampu yangu nzima kwenye mkoba nikaifunga kifuani kama yule mpishi wa shule, na kwenye mfuko wa mkoba nikaweka ile tupu. Nilijiambia mwizi na avute upepo. Nilicheka peke yangu, Mama. Nilidhani mwizi ni mtu mzima wa mapafu anayecheza.

Jumamosi asubuhi tulikusindikiza. Ulipanda gari umeshika pochi yako ya shanga kwa mikono miwili, ukanibusu mashavu yote mawili, ukanipungia mpaka gari likakata kona. Mchana nilifungua mkoba. Ile pampu tupu haikuwepo.

Sikungoja. Jioni, mkweo akiwa mezani, nilimwambia wifi yangu atoe alichokichukua. Alicheka akidhani ni utani wetu. Aliponiona siko kwenye utani, akamwaga vitu vyake vyote sakafuni, vitana, nywele za bandia, nguo za ndani, mbele ya kaka yake, akaniambia nipekue na mdomoni. Mkweo alinisihi niishie hapo. Mimi nikasema hata mama yangu alimwona tangu mwanzo kwamba hajatulia. Maneno hayo ndiyo yaliyomfukuza. Jumapili alibeba begi lake akahamia chumba cha nyuma cha saluni anakojifunzia, na tangu hapo mkweo ananipa salamu na kisogo.

Na namba zikatulia! Wiki ya kwanza daftari na kidirisha vilikubaliana, wiki ya pili vilikubaliana. Nikajipongeza kwamba mwizi kaondoka na amani imerudi. Haikunipitia kichwani kwamba wikendi ile nyumba yetu ilitokwa na watu wawili.

Alhamisi iliyopita fundi miwani alituma ujumbe kwamba miwani yako iko tayari. Nilikwenda baada ya kazi. Ni yule mzee mpole anayefuta vioo kwa pindo la koti lake. Alinionyesha jinsi ya kukaza skrubu za mikono ya masikioni, akanipa kikasha, kisha akaniuliza kifua cha mama kinaendeleaje. Nikamwambia amekosea, mwenye kifua ni mimi. Akasema hapana, ni yule mama niliyekuja naye. Siku ile nilipotoka kwenda duka la pili kutafuta uzi wa bluu na kukuachia mkoba wangu, alikuwa amekukalisha kwenye kiti cha vipimo na ukaanza kuvuta pumzi kwa mlio wa filimbi. Ukatoa pampu mkobani, ukavuta mara mbili, ukafumba macho. Alitaka kuniita, ukamshika mkono ukamwambia ni jambo la tangu usichana wako, mtoto hajui, na usingependa ajue. Na ukamwambia kwamba tangu uwe msichana hujawahi kushusha pumzi mpaka chini kama wiki zile. Mzee yule alinisimulia hayo akitabasamu, akidhani mkoba ulikuwa wako.

Nilikaa kwenye kile kiti cha vipimo, Mama. Mbele yangu kulikuwa na ile karatasi ya herufi, kubwa juu, ndogo chini, nami nilikuwa naziona zote mpaka ya mwisho, na sikuwa nimeona kitu.

Nilipofika nyumbani nikafungua daftari. Siku namba iliposhuka sita ni siku ya rangi, na wewe ulisema harufu inakuumiza kichwa ukaenda kujifungia bafuni. Siku nne wifi yangu alizokwenda kwao namba zilishuka vilevile, na mimi nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, nikazisoma na kupita. Kwenye ngazi ulikuwa unasimama kila ghorofa, mara unasifu zulia la mtu, mara unapapasa maua ya plastiki ya jirani wa ghorofa ya pili ukisema yanafanana na ya kweli. Uliomba mito mitatu ukalala umekaa, ukasema ni mgongo. Peremende za mnanaa ulizokuwa ukinunua kila siku, sasa najua zilikuwa za kuua ile ladha. Na kidirisha cha namba usingeweza kukiona, kwa sababu macho ndiyo yaliyokuleta.

Nimekasirika, Mama, na sitaficha kama tulivyozoea kuficha. Si kwa sababu ya dawa. Ungeniomba ningekushikia mdomoni kwa mkono wangu. Nimekasirika kwa sababu ulikaa pale jikoni na mchele wako ukaniacha nimshuku mtoto wa watu, na ukanionyesha kwa kidole. Na nimekasirika kwa ajili ya shangazi. Tangu nina akili uliniambia kifua hiki nimekipata kwa upande wa baba, kwamba kwenu hakuna aliyewahi hata kupiga chafya. Kwenye harusi yangu ulimwomba shangazi akae meza ya mwisho karibu na mlango, asije akawakoholea wageni. Alikaa. Aliniletea mashuka aliyoyashona mwenyewe, akayaacha mlangoni, akaondoka kabla ya picha. Wewe ulikuwa meza ya mbele, na sasa najua ulikuwa unapumua kwa kujiiba.

Lakini hasira haikunikaa hata nusu saa, kwa sababu nilikumbuka ni kitu gani ulichoondoka nacho kwenye pochi ya shanga.

Mama, niliyeiweka ile tupu ni mimi. Nilitega mtego kwa roho mbaya, na aliyenasa ni wewe. Wiki tatu sasa unabonyeza, unasikia ubaridi, unajipa moyo kwamba umevuta dawa, na unachovuta ni upepo niliokufungia mimi mwanao. Ijumaa nilipopiga simu, kaka alinijibu kwamba una mafua wiki nzima na umeacha matembezi yako ya asubuhi. Nilipopewa nafasi ya kusema nawe, watoto wote wakisikiliza, nilikuambia yale manukato uliyobeba kutoka kwangu hayana kitu, uyatupe. Ukajibu kwa sauti ya juu kwamba hukubeba manukato ya mtu na wewe ni mzima wa chuma, ukampa simu mke wa kaka. Lakini nilikusikia. Ulivuta pumzi katikati ya neno chuma.

Ndiyo maana nimeandika, na ndiyo maana nilianzia mbali. Ningeanza na hili ungesema barua imekosea mtu, ungeikunja ukaikalia.

Jana nilikwenda saluni kwa wifi yangu. Nilimwomba radhi mbele ya mteja aliyekuwa kichwa nusu. Nikamwambia nimejua kwa hakika kwamba siye. Akaniuliza basi ni nani. Nikasema siwezi kutaja. Aliendelea kusuka mpaka mstari ukaisha, kisha akaniambia msamaha usiokuwa na jina niupeleke mbele, kwa sababu kaka yake atabaki anajiuliza maisha yake yote. Atarudi siku nitakayoweza kumtaja mtu huyo mezani, pale pale nilipomtaja yeye. Jina hilo si langu kulitoa, ni lako. Lakini nakuomba, Mama, lisikae sana.

Sasa fungua kitambaa. Ni pampu mpya ya bluu, haijaguswa. Itikise, toa pumzi yote nje, weka mdomoni, bonyeza huku ukivuta polepole, kisha ibane pumzi uhesabu mpaka kumi. Ukipata nafuu, usifikiri yamekwisha. Ya kahawia nesi amekataa kunipa mpaka akuone kwa macho yake, na ameniambia mtu anayebanwa wiki nzima hangoji barua, anakwenda hospitali. Kwa hiyo leo hii, ukimaliza kusoma, mwambie kaka akupeleke. Mwambie ni pumu. Neno lina silabi mbili tu, nami nimelisema mara nyingi, halijaniua. Mama muuza vitambaa amepanga kunipigia saa kumi jioni, akiwa kwenu. Akiniambia hujasema, mimi nitampigia kaka, na spika iwe wazi hivyo hivyo hadi kwa majirani.

Kama bado huniamini, vaa miwani vizuri. Toa ile uliyonayo kwenye pochi, igeuze, tazama mgongoni chini ya maandishi. Hiyo unayoiona ni sifuri. Kisha igeuze na hii niliyokuletea.

Msalimie kaka na mke wake, wabusu watoto kwa niaba yangu. Jirani wa pili amekuulizia, anasema hajapata mtu mwingine wa kuyasifu maua yake. Jumamosi nakuja huko mimi mwenyewe, na nikifika kitu cha kwanza nitakachokiomba ni pampu hiyo nisome kidirisha. Wiki zote hizi kila namba ilipopungua niliumia. Safari hii, Mama, nikikuta bado imeandikwa mia mbili ndipo nitakapolia.

Ni mimi mwanao wa mwisho,
mwenye kifua chako.